Ngoma, kibao au wimbo? Kuchagua neno la burudani kwa kuangalia limepita wapi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anamsimamia mwimbaji mmoja wa Temeke ambaye bado hajajulikana sana. Wamepanga kupanda jukwaani Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Kabla ya kuipeleka redioni taarifa ya ziara hiyo, aliniletea niipitie, maana kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri maandishi ya watu wa muziki. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Andagraundi wetu sasa ana ngoma, na sponsa wake ameahidi shoo ya kufa mtu."

"Iko sawa, kaka?" akaniuliza.

Sarufi haikuwa na kasoro, na hakuna neno hata moja ambalo halisikiki redioni kila siku. Lakini mtu wa Nairobi angeielewa kivyake, mtu wa Temeke kivyake, na mama mzazi wa yule mwimbaji angeisoma akashika kichwa. Tulikaa barazani mpaka adhana ya alasiri tukiyapima maneno, hili kando ya lile. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetunga bango, taarifa au maelezo ya picha za msanii na anasitasita atumie neno lipi.

Nianze na msimamo wangu. Neno la burudani halikai jukwaani. Shoo ikiisha linashuka na watu, linapanda daladala, linaingia vyumbani, linafika bungeni, linavuka Namanga na Lungalunga, na kila linapolala linaamka na harufu ya hapo. Kwa hiyo ukitaka kuchagua kati ya maneno mawili, usitazame tu lilikotoka. Tazama lilikolala jana.

Ngoma, kibao, goma, wimbo

Ngoma ni kongwe kuliko yote. Ni chombo chenyewe, ni mchezo unaochezwa, ni sherehe nzima, kama tunavyosema ngoma ya unyago. Vijana wa studio walipoanza kuuita wimbo wao ngoma hawakuvunja kitu, walirefusha tu njia ambayo neno lilishaianza. "Ameachia ngoma", "ngoma inakimbiza", hizo ni kauli safi.

Shida iko kwenye kitenzi. UKIMWI ulipoanza kuua watu mitaani kwetu na hakuna aliyetaka kuutaja, Watanzania waliutafutia majina ya kificho, na ngoma ikawa mojawapo. "Fulani ana ngoma" maana yake ikawa fulani ana virusi. Waliozika ndugu miaka ile hawajaisahau kauli hiyo, na hawatakiwi kulazimishwa kuisahau. Kwa hiyo: kuachia ngoma, kutoa ngoma, kudondosha ngoma, ni wimbo. Kuwa na ngoma, kupata ngoma, ni habari ya hospitali. "Ana ngoma mpya" inaokolewa na lile neno "mpya", lakini taarifa ya mdogo wangu haikuwa nalo.

Kibao kina heshima ya aina nyingine. Ni neno la enzi za santuri na watangazaji waliokuwa wakitaja jina la bendi, mtunzi na mpiga solo kabla ya kuuweka wimbo hewani. Linakaa vizuri kwa dansi, kwa taarabu, kwa zilipendwa. Ukiandika "kibao kipya" juu ya binti wa miaka 21 anayeimba kwa midundo ya kompyuta, umemvalisha koti la babu yake. Isitoshe, kibao ni kofi pia, na kichwa cha habari kinachosema mwimbaji "ametoa kibao" ukumbini kinaweza kusomwa kwa namna mbili.

Goma, yaani ngoma iliyokuzwa, ni sifa ya shabiki kwa shabiki. Kiswahili kikikuza kitu kwa namna hiyo kinaweza kukitukuza au kukibeza, na sauti ndiyo huamua. Kwenye maandishi sauti haipo. Liache goma lisemwe mdomoni.

Nilichomshauri: "wimbo" kwenye taarifa ya redio, "ngoma" kwenye mabango na kurasa za mitandao, na kila mara iende pamoja na kitenzi cha kuachia au kutoa.

Mdhamini, mfadhili, sponsa, pedeshee

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapa neno linaweza kumvunjia mtu heshima.

Yule aliyeitwa "sponsa" ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mzima, ana familia, na amelipia ukumbi kwa sababu anaipenda sauti ya yule binti na anataka jina la duka lake lionekane. Kwa mdogo wangu, sponsa ni mtu anayegharamia shughuli. Na ndivyo neno lilivyoingia, kupitia mpira na matamasha. Lakini Nairobi neno hilo limehama kabisa. Huko sponsa ni mwanamume mwenye umri na pesa anayemlipia msichana kodi ya nyumba, simu na nywele, na malipo yake yanajulikana. Mubaba ni ndugu yake wa karibu. Dar nako maana hiyo imeshafika na kukutana na danga, ambalo ni neno letu wenyewe. Mwandikie mwimbaji wa kike kwamba "sponsa wake" amemlipia safari ya Nairobi, na umeandika habari ambayo hukukusudia, kuhusu watu wawili wasio na kosa.

Mdhamini halina doa hilo. Mdhamini hudhamini ligi, tamasha, hata mshtakiwa mahakamani, na katika hali zote hizo maana ni moja: mtu aliyeweka jina na mali yake nyuma ya mwingine, hadharani. Mfadhili ni tofauti kidogo. Mfadhili hutoa kwa hisani, hadai jina lake libandikwe ukutani, na mara nyingi huyu tunamtaja kwenye visima vya maji na karo za shule. Duka likitaka nembo yake kwenye bango, huo ni udhamini. Usiuite ufadhili, maana msanii ataonekana kama anaomba msaada wakati amefanya biashara ya haki.

Na pedeshee? Hili lina safari nzuri kuliko yote, na sitalipita haraka.

Itamke P-D-G kwa Kifaransa, herufi za cheo cha mkuu wa kampuni, unapata kitu kama "pedeje". Huko Kinshasa mwenye cheo hicho, au anayejifanya anacho, alikuwa mtu wa kuketi mbele ukumbini na kutajwa ndani ya nyimbo. Kutajwa huko kuna jina lake la Kilingala, libanga, yaani jiwe. Unalipa, mwimbaji anatupa jiwe, na jina lako linabaki ndani ya wimbo hata baada ya pesa kwisha. Bendi za Wakongo zilizohamia Dar es Salaam na Nairobi tangu miaka ya 1970 zilikuja na magitaa yao, na zilikuja na desturi zao pia. Hapa Dar cheo kikawa pedeshee, wingi mapedeshee, mwanamume anayemwaga noti kwa bendi ili asikie jina lake likiitwa kati ya ubeti na ubeti. Pwani haikushangaa sana, maana mashabiki wa taarabu walikuwa tayari na desturi ya kumtunza mwimbaji, unanyanyuka kwenye kiti na kumkabidhi noti yako huku anaimba. Tofauti ni kwamba anayetunza kwenye taarabu anaitikia maneno ya wimbo yaliyomgusa, na pedeshee ananunua maneno yenyewe.

Leo pedeshee limeshuka ukumbini na linatumika kwa yeyote mwenye fedha na makeke, hata asiyejua bendi ni nini. Lina tabasamu ndani yake, lina wivu pia. Usiliweke kwenye taarifa rasmi. Lakini ukiandika makala ya historia ya dansi, pedeshee ndilo neno sahihi, na "mdhamini" hapo lingekuwa uongo.

Andagraundi na chipukizi

Katika hip-hop ya Marekani, neno andagraundi liliwahusu wanaofanya muziki nje ya kampuni kubwa, wengine kwa hiari yao kabisa, wakijivunia kutouza. Lilipofika kwetu lilikuta vijana ambao hawakuwa nje kwa hiari. Walikuwa nje kwa sababu hakukuwa na pesa ya studio na mtangazaji hakuupiga wimbo wao. Basi andagraundi likawa na maana ya asiyejulikana bado. Msimamo wa kisanii uligeuka kuwa hali ya mfuko.

Ndiyo maana linauma. Mtu aliyetoa nyimbo kwa miaka minane ukimwita andagraundi umemwambia kazi yake yote haijahesabiwa. Mwenyewe anaweza kulisema, "enzi zangu za andagraundi", akiwa ameshatoka. Wewe usimsemee. Chipukizi ni jani changa, lina matumaini ndani yake, na linaeleweka Tanzania na Kenya bila maelezo. Kasoro yake ni kwamba linahusisha umri: mtu wa miaka 40 anayetoa wimbo wake wa kwanza si chipukizi masikioni mwa wengi. Kwake huyo nitaandika tu "mwimbaji mpya".

Jirani na haya kuna kutoka, kutusua na kutoboa. Yote matatu yalikuwa maneno ya msanii anayetamani kujulikana, na kutoboa ndilo lililovuka mbali zaidi. Dereva wa bodaboda, mama wa genge la mboga, mwanafunzi wa chuo, wote "watatoboa mwaka huu". Nairobi wana kuomoka, ambalo linaelekea zaidi kwenye pesa kuliko umaarufu. Ukiandika kwamba msanii "ametoboa", msomaji wa leo atauliza ametoboa kwa lipi, kwa sauti au kwa nyumba? Kama unamaanisha wimbo wake umependwa, sema wimbo umependwa.

Msanii, mwanamuziki, staa

Neno msanii lilikuwa la fundi: mchongaji, mchoraji, mfinyanzi, mwimbaji, kila mwenye ujuzi wa mikono au sauti. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, linalitumia hivyo mpaka leo. Halafu mitaani Tanzania likapata maana ya pili, na usanii ukawa ulaghai: mtu anayekuahidi kiwanja kisichokuwepo "anafanya usanii". Wanasiasa wakalidaka. "Huu ni usanii mtupu" ikawa kauli ya kumwangushia mpinzani wako jukwaani.

Nimekuwa nikiumizwa na hili kwa muda mrefu. Joseph Mbilinyi, Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule, Professor Jay, akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Watu waliojenga jina kwa kutaja kero za wananchi kwa mistari waliingia katika siasa ambamo jina la kazi yao lilikuwa tusi. Maigizo yalipatwa na hayo hayo, na sinema pia: "acha maigizo", "hiyo ni sinema". Kwa lugha hiyo, jukwaa zima la sanaa limegeuzwa kuwa mahali pa kudanganya, wakati kazi ya jukwaa ni kusema ukweli kwa njia ambayo mtu ataivumilia.

Kuna dalili moja ninayoitumia kupima neno. Likishavaa u- ya mbele, limeacha kuwa jina la mtu na limekuwa jina la tabia: usanii, uchawa, upambe, udaku. Likifika hapo, jina lenyewe la mtu nalo huanza kuchafuka. Msanii ameponea kwa sababu serikali, vyombo vya habari na wasanii wenyewe hawajaacha kulitumia kwa maana ya kwanza. Kwa hiyo litumie bila hofu, ila usiandike "usanii wake" ukimaanisha kipaji chake. Andika "sanaa yake".

Mwanamuziki ni neno ambalo wazee wa dansi wanalilinda. Kwao mwanamuziki ni anayejua ala, anayeweza kukaa na gitaa, tarumbeta au ngoma na kujibizana na wenzake. Anayeingia studio akaimba juu ya mdundo uliokwisha tengenezwa ni mwimbaji. Huo si ubaguzi kama baadhi ya vijana wanavyodhani, maneno mawili tofauti yana faida. Binti wa Temeke anaimba, hapigi ala, basi ni mwimbaji, na hakuna alichopungukiwa. Staa? Muachie mtangazaji. Ukijiita mwenyewe, limeshakufa.

Kiki, promo, skendo, na ubuyu wa pembeni

Pikipiki hupigwa kiki ili iwake. Picha hiyo inatosha. Mwimbaji ana wimbo unaotoka Ijumaa, Jumanne inavuja habari kwamba amechumbiwa, Jumatano amekana, Alhamisi amelia mbele ya kamera, Ijumaa injini imewaka. Watu wanasema "anatafuta kiki". Mara nyingi ni neno la kumnyooshea mwingine kidole. Promo ni kazi: mabango, mahojiano, ziara za redio. Skendo ni jambo lililotokea kweli, au linalodaiwa kutokea, bila mhusika kulipanga. Tofauti ya maneno haya matatu ni nia, na nia huwezi kuiona. Ukiandika kwamba talaka ya mtu ni kiki na kumbe ni talaka ya kweli, umemdhihaki mtu kwenye msiba wake. Mimi huandika kiki pale tu mhusika mwenyewe amekiri.

Kiki nalo limehamia siasa: kiongozi akishika jembe mbele ya wapiga picha, wanasema kiki. Nairobi utalisikia pia, likigawana nafasi na klauti.

Kwa habari zenyewe zinazozunguka, chaguo ni kubwa. Udaku ni la zamani, lina mdaku anayechungulia na kudakua ya watu, na limewahi kuyapa magazeti jina la jumla, magazeti ya udaku. Umbea ni lile la jirani. Ubuyu ni zile mbegu zenye sukari na rangi, unazimumunya moja moja huku unataka nyingine, na ndiyo maana linafaa sana: "nimwagie ubuyu". Lakini Mombasa mabuyu yanauzwa barabarani na kuliwa kweli, na anayesoma harakaharaka anaweza kuelewa hivyo. Nairobi ni mushene, kutoka Kikikuyu. Ukitaka neno lisilomhukumu mtu, lipo: tetesi. Halina utamu, na hiyo ndiyo sifa yake.

Mpambe na chawa

Anayesimama nyuma ya Rais akiwa na sare kamili, mkakamavu, haonyeshi uso wa furaha wala huzuni, ni mpambe wa Rais. Hicho ni cheo cha kijeshi chenye heshima. Mtaani mpambe ni yule anayemzunguka mwenye jina, anacheka kila utani wake na kumjibia maadui zake. Neno moja, maisha mawili, na hayajagombana kwa sababu muktadha unayatenga vizuri.

Chawa ni jipya na kali zaidi. Mdudu anayeishi kichwani mwa mtu kwa kumnyonya. Lilianza kama tusi kwa wanaowafuata mastaa, kisha wenyewe wakalikubali, wengine wakaanza kujitambulisha nalo kwa fahari, mimi ni chawa wa fulani, na halafu likapanda jukwaa la siasa na kuvaa u-. Leo uchawa unajadiliwa kama jambo la kitaifa. Sifurahii mtu kujiita mdudu, hata kwa pesa. Kwa anayeandika taarifa, jibu ni rahisi: msaidizi, mpiga picha, mlinzi, rafiki. Kila mmoja ana kazi yake, itaje.

Bifu, mpasho, kijembe

Miaka ya 1990 mashabiki wa taarabu Dar es Salaam walijigawa kati ya kundi la TOT la Khadija Kopa na kundi la Muungano la Nasma Khamis Kidogo. Nyimbo zilijibizana, na ukumbi ulijua nani anasemwa. Lakini jina halikutajwa. Huo ndio mpasho: anayehusika atajijua, na asiyehusika atacheza tu. Kijembe ni mpasho mfupi, wembe mdogo, unaweza kuandikwa hata kwenye kanga ukapita nao mbele ya mlango wa mtu.

Bifu lilikuja na hip-hop, na bifu hutaja. Linataka jina, picha, tarehe na jibu. Ukiandika "bifu" juu ya waimbaji wawili ambao hawajatajana, wewe ndiye uliyewagombanisha. Nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu ya kichwa cha habari, na mwandishi akaondoka zake. Hawajatajana, andika vijembe. Wametajana, andika bifu. Wamepelekana mahakamani, si bifu tena, ni kesi.

Kwa wanaotumia mistari bila kuimba: wazee waliuita muziki wa kufokafoka, kana kwamba kijana amekasirika na anafoka. Vijana walijibu kwa kuchana. Kughani ni la vitabuni na la tenzi. Chukua kuchana.

Majina ya muziki wenyewe

Bongo ni ubongo uliokuzwa, jina la utani la Dar es Salaam kwa kuwa kuishi hapa kunahitaji akili, baadaye likaifunika nchi nzima. Bongo Flava linatajwa sana kuwa lilitoka mdomoni mwa mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One mwaka 1996, akiutofautisha muziki wa nyumbani na ule wa Marekani. Muziki wa kizazi kipya ni jina la ofisini kwa kitu hichohicho, na limeanza kuchoka, maana kizazi hicho sasa kina watoto sekondari. Kwa redio ya Mombasa au Nairobi, Bongo Flava ndilo linaloeleweka mara moja.

Nairobi majina yalipiganiwa. Genge, kwa maana ya kundi la watu, lilijengwa na studio ya Calif Records na wasanii kama Nonini na Jua Cali. Kapuka lilianza kama kejeli ya wana hip-hop dhidi ya mdundo wa watayarishaji Ogopa Deejays, ambao wenyewe walipendelea boomba. Kejeli ndiyo iliyodumu. Mwaka 2018 kundi la Ethic lilipovuma, gengetone ikachukua genge na kuliunganisha na mwisho wa reggaeton. Usimwite mtu wa genge kapuka.

Lakini mfano ninaoupenda ni muziki wa Kongo. Tanzania tuliuita bolingo. Kwa Kilingala bolingo ni mapenzi; tulilisikia likirudiwa katika kila wimbo, tukaupa muziki mzima jina hilo. Kenya waliuita Lingala, jina la lugha yenyewe. Ulaya ulijulikana kama soukous. Kinshasa wenyewe husema rumba, na UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wake Desemba 2021. Mwandikie Mkongo wa Lubumbashi kwamba mtapiga "bolingo", atatabasamu na kuuliza mnampenda nani. Bango la Dar, bolingo ni sawa na lina joto la miaka mingi. Bango litakalovuka mpaka, andika rumba.

Mitego mingine ya mpakani ni midogo ila inanasa. Nairobi wimbo "umebamba", yaani umependeza kweli. Dar kubamba ni kunasa, na "msanii abambwa" ni habari ya polisi. Anayeifasiri filamu ya kigeni kwa sauti yake juu ya sauti za waigizaji ni DJ Kenya na Tanzania, lakini Kampala ni VJ.

Shoo

Likabaki neno la mwisho. Nilitaka aliondoe. Shoo ni onyesho, na kwenye bendi lina ukoo wake mzuri: stejishoo, kiongozi wa shoo, safu ya wanenguaji. Lakini mitaani "kupiga shoo" ni pia kauli ya chumbani, na ikiongezewa "ya kufa mtu", na sponsa yupo sentensi hiyohiyo, hakuna atakayefikiria jukwaa. Nikapendekeza tamasha.

Mdogo wangu akakataa. "Kaka, tamasha ni uwanja. Ni wasanii kumi na jukwaa la vyuma. Sisi tuna ukumbi wa viti 300 na mwimbaji mmoja. Mtu akilipa akidhani ni tamasha, ataona tumemdanganya." Nikasema onyesho. Akasema onyesho ni la mavazi, au la magari.

Alikuwa na haki. Tulichofanya ni kubadilisha kilicholizunguka neno. Taarifa iliyokwenda redioni inaanza hivi: "Mwimbaji chipukizi wa Temeke ameachia wimbo wake mpya, na kwa udhamini wa duka la vifaa vya ujenzi atafanya shoo tatu: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi." Mama yake ameisoma. Ameomba nakala ya kumpelekea shangazi Tanga.